Kukimbia Milima ya Usambara: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu Usambara Magharibi, yaani Lushoto, Soni, Vuga, Bumbuli, Mlalo hadi Mtae, mkoani Tanga. Yameandikwa kwa ajili ya mtu anayekimbia tayari, hata kama ni kilomita tano tu za jioni, na sasa anataka kupanda milimani na kupita katika vijiji vya zamani. Usambara Mashariki, upande wa Amani na Muheza, ni habari nyingine: joto ni zaidi, mvua ni zaidi, na njia zake zinataka maelezo yake.

Kwa nini Usambara, wakati Kilimanjaro na Meru zipo?

Kwa sababu Usambara watu wanaishi juu. Kilimanjaro ukishavuka mashamba ya migomba unaingia hifadhini, na kuanzia hapo ni geti, ada na wapagazi. Usambara unaweza kukimbia kutwa nzima ukatoka kijiji hadi kijiji, na kila mgongo wa mlima una nyumba, shule, msikiti au kanisa, na duka lenye maji na biskuti. Njia zake ni njia za kazi. Zimechimbwa na miguu ya watu wanaokwenda shamba, gulioni, zahanati na shuleni, na ndiyo maana zinafika kila mahali.

Mji wa Lushoto uko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Vilele vya juu kabisa vya Usambara Magharibi vinapita mita 2,200. Kwa mkimbiaji huo ni mwinuko mzuri: utahema kuliko ulivyozoea, lakini si urefu wa kukuletea ugonjwa wa milimani.

Sijawahi kukimbia milimani. Nianze na njia gani?

Lushoto mjini hadi Irente, kwenda na kurudi. Kwenda ni kati ya kilomita tano na sita kutegemea umeanzia wapi. Unaacha mji, unapanda kupitia Yoghoi, unapita mashamba ya mahindi na maharage, nyumba za matofali ya udongo, halafu shamba la Irente la Kanisa la Kilutheri, ambako wanauza mkate, jibini na jemu vinavyotengenezwa palepale. Mbele kidogo mlima unakatika ghafla. Umefika.

Usijaribu kukimbia mpando wote siku ya kwanza. Pale pumzi inapokufanya ushindwe kusema sentensi nzima, tembea. Wakimbiaji wazuri wa milimani wanatembea sana. Tofauti yao na wengine ni kwamba wanatembea kwa haraka, hatua fupi, na wanaanza kukimbia tena mara tu mlima unapolegea. Kurudi ni mteremko kwa sehemu kubwa, na hapo ndipo wageni wengi wanajiumiza, kwa hiyo soma jibu la magoti hapo chini kabla hujaondoka.

Pale Irente kuna nini cha kuangalia zaidi ya mandhari?

Historia yote ya Usambara iko chini ya miguu yako. Ukisimama ukingoni, nyika iko takriban mita elfu moja chini. Unaona barabara kuu ya kwenda Moshi, reli, mashamba ya mkonge yaliyopangwa kwa mistari, na mji wa Mazinde.

Mazinde pale chini ilikuwa makao ya mtawala Semboja. Baba yake, Kimweri ye Nyumbai, alitawala Usambara akiwa juu, Vuga, hadi alipofariki mwaka 1862. Zamani hizo nguvu ilikuwa milimani, kwenye mvua na chakula. Lakini karne ya 19 ilipokuwa inasonga, misafara ya biashara iliyopita bondeni ilileta bunduki na vitambaa, na aliyekaa karibu na njia ya misafara alipata silaha kabla ya aliyekaa juu. Semboja alilielewa hilo. Kimweri alipofariki, vita vya urithi vikazuka kati ya watu wa ukoo mmoja, na Vuga ikapoteza nguvu. Ukiwa Irente unaona kwa macho kwa nini ilikuwa hivyo: mlima ni ngome, lakini biashara inapita chini.

Fika asubuhi mapema au jioni. Mchana nyika inajaa ukungu wa vumbi na joto na huoni mbali.

Vuga yenyewe naweza kufika kwa kukimbia?

Ndiyo, na mimi naiweka mbele ya njia nyingine zote kwa mtu anayependa historia. Anzia Soni, mji mdogo ulioko katikati ya Mombo na Lushoto, wenye maporomoko ya maji yanayoonekana ukiwa barabarani. Kutoka hapo unaelekea upande wa Bumbuli. Njia inapanda na kushuka katikati ya migomba, kahawa na chai.

Kabla hujaenda, ujue habari ya Mbegha. Masimulizi ya Wasambaa yanasema alikuwa mwindaji kutoka Unguu. Alipoingia Usambara nguruwe pori walikuwa wanamaliza mazao. Akawaua, akawagawia watu nyama, nao wakampa unga na ndizi. Hakuwa na nchi, hakuwa na ukoo pale, lakini kila alikopita alisaidia watu na kuamua ugomvi wao. Alipofika Vuga aliua simba, na watu wakamkubali kuwa mtawala. Ndipo likaja jina la heshima la watawala wa Kikilindi, yaani wa ukoo wa Mbegha: Simba Mwene.

Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika kwa Kimweri mwaka 1848, akitokea pwani kwa miguu. Ukipanda migongo ile ukiwa na viatu vya kisasa na maji mgongoni, utapata picha ya safari yake.

Usitarajie magofu ya mawe. Makao ya Wakilindi yalikuwa nyumba za miti na nyasi, na hazikubaki. Kilichobaki ni mahali penyewe, makaburi, majina ya vijiji na kumbukumbu za wazee. Kwa hiyo Vuga haifai kupitwa mbio. Kimbia hadi pale, kisha simama, salimia, na omba mwenyeji akutembeze. Sehemu za makaburi na matambiko haziingiwi bila ruhusa ya wazee, na wala haifai kuzipiga picha kwa siri.

Je, nahitaji kibali au mwongozaji?

Barabara na njia za vijijini hazina kibali. Msituni ni tofauti. Msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Unaingia kwa kulipa na kujiandikisha. Lipa na uchukue risiti.

Kuhusu mwongozaji: barabara kuu ya Lushoto hadi Magamba au Irente humhitaji. Njia za mkato zinazokata mabonde unamhitaji sana, kwa sababu ramani za simu zinaonyesha barabara za magari tu, na Usambara vichochoro ni vingi kuliko barabara. Lushoto mjini kuna vikundi vya waongozaji wenyeji. Mwambie mapema kwamba wewe unakimbia. Si kila mmoja atataka, ingawa vijana wengi wa huko wanakuacha nyuma bila hata kutoka jasho.

Msitu wa Magamba unafaa kwa mbio?

Unafaa sana. Kutoka Lushoto hadi Magamba ni kilomita saba hivi za kupanda. Ukiingia msituni joto linashuka, sauti za pikipiki zinakatika, na udongo chini ya miti unakuwa laini, rafiki wa magoti. Angalia juu utaona mbega weusi kwa weupe, mikia mirefu ikining'inia. Angalia vichakani utaona vinyonga; Usambara ina aina za vinyonga wenye pembe ambazo hazipatikani kwingine duniani. Milima hii imekaa peke yake kwa muda mrefu sana, imezungukwa na nyika kavu, na viumbe vyake vimejengeka kivyake.

Mizizi na majani yaliyolowa ndiyo hatari ya huku. Kimbia ukitazama mita tatu au nne mbele, si miguuni.

Mlalo nasikia ni kijiji cha zamani. Njia yake ikoje?

Mlalo iko kama kilomita 30 kaskazini ya mji wa Lushoto, kwenye bakuli kubwa la mabonde lililozungukwa na milima. Nyumba zimebanana, nyingine za ghorofa za udongo zenye roshani za mbao. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifika mwaka 1891 na kuanzisha misheni waliyoiita Hohenfriedberg, na kanisa bado ni alama unayoiona kutoka mbali.

Panda gari hadi Mlalo, lala pale, kimbia asubuhi kuzunguka bonde. Mizunguko ya kilomita nane hadi kumi na tano inapatikana kirahisi, na ukipanda mgongo wowote unaona kijiji chote.

Tazama matuta. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, baadaye ukapanuliwa Usambara. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta kwenye miteremko mikali, kazi nzito iliyoangukia zaidi wanawake, na asiyechimba alitozwa faini. Watu walipinga kwa nguvu, na miaka ya 1950 ilipokuwa inaelekea ukingoni mpango ukavunjika. Upinzani ule ulikuwa sehemu ya moto wa siasa uliowaingiza Wasambaa wengi katika harakati za uhuru. Matuta unayoyaona leo, yenye majani ya ng'ombe kwenye kingo, ni kazi ya wakulima wenyewe na ya miradi iliyokuja baadaye ikawasikiliza.

Kwa hiyo sheria moja nisiyotaka uivunje: usikimbie juu ya ukingo wa tuta. Ukingo ule unashikwa na mizizi ya majani tu. Kiatu chenye meno kikiukata mara kadhaa, mvua inayofuata inaingia pale, tuta linabomoka, na udongo wa mtu unakwenda mtoni. Zunguka, hata kama njia ndefu inakuongezea dakika tano.

Nataka kukimbia hadi Mtae. Inawezekana?

Inawezekana kwa siku mbili au tatu. Kwa barabara, Lushoto hadi Mtae ni kama kilomita 60, lakini mwanzo hadi mwisho hakuna sehemu ndefu iliyo tambarare. Njia inayopendwa inapita Magamba, Lukozi, kisha Rangwi au Manolo, halafu Sunga hadi Mtae. Siku ya kwanza una msitu. Ya pili una mabonde ya mboga, kabeji na karoti na viazi hadi macho yachoke. Ya tatu unakimbia juu ya mgongo mwembamba na dunia inaanguka pande zote mbili.

Rangwi kuna masista wanaopokea wageni. Vijiji vingine vina nyumba za kulala za kawaida: kitanda, chandarua, maji ya moto ya ndoo. Piga simu kabla. Kufika kijijini saa moja usiku, umelowa jasho na baridi inaingia, halafu ndiyo unaanza kuulizia mahali pa kulala, ni kuwatesa wenyeji na kujitesa mwenyewe.

Ukiwa upande wa Shume, kumbuka kwamba kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia Wajerumani walijenga waya mrefu wa kushushia magogo ya mierezi kutoka juu hadi stesheni ya Mkumbara, penye reli iliyofika Mombo mwaka 1905. Mierezi mingi ilikwenda hivyo. Misonobari iliyopangwa kwa mistari unayopita katikati yake leo ilipandwa baadaye.

Mtae yenyewe iko kwenye ncha ya mlima. Chini kuna nyika ya Mkomazi, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu 2008, mbele kuna milima ya Upare, na asubuhi isiyo na mawingu Kilimanjaro unaiona.

Nikimbie kilomita ngapi kwa siku? Spidi yangu ya Dar ni dakika sita kwa kilomita.

Sahau dakika sita. Huku hesabu mita za kupanda pamoja na kilomita. Kanuni wanayoitumia wakimbiaji wengi wa milimani ni kwamba kila mita 100 za kupanda ni sawa na kuongeza kilomita moja ya tambarare. Njia ya kilomita 12 yenye mita 600 za kupanda ni kazi ya kilomita 18. Ukiwa unakimbia saa moja na nusu nyumbani, panga njia ya saa moja na nusu huku, na ukubali kwamba itakuwa kilomita chache.

Mtu wa pwani ajipe siku mbili za mwanzo za kukimbia polepole. Hewa ni nyepesi kidogo na mapigo ya moyo yatakuwa juu hata ukiwa umetulia.

Magoti na mapaja yanauma baada ya mteremko. Nifanyeje?

Mapaja yanauma kwa sababu ukishuka msuli unafanya kazi ya breki: unavutwa huku unajikaza. Ndiyo maana maumivu makali yanakuja siku ya pili, si siku ileile, na ndiyo maana mtu anayekimbia nusu marathoni tambarare bila shida anaweza kushindwa kushuka ngazi baada ya kilomita nne za mteremko wa Usambara.

Fupisha hatua. Ziwe nyingi na za haraka. Mguu utue chini ya mwili, usiutangulize mbele ukagonga kisigino, maana hapo ndipo goti linapopigwa. Kifua kielekee mbele kidogo. Woga unamfanya mtu aegemee nyuma, na anayeegemea nyuma ndiye anayeteleza. Mikono iache ifunguke kando ikusaidie kusimama sawa. Mteremko ukiwa mkali na wenye changarawe, tembea kwa zigizaga.

Dawa halisi ni kuuzoesha msuli. Shuka kidogo wiki mbili au tatu kabla ya safari, na mapaja yatakumbuka.

Naishi mjini, hakuna milima. Nitajiandaaje?

Ngazi. Jengo lolote la ghorofa nyingi ambalo mlinzi atakuruhusu. Panda kwa kutembea haraka, shuka kwa hatua ndogondogo, rudia. Walio Dar es Salaam wana vilima vya Pugu na Kisarawe. Si Usambara, lakini vinatosha kufundisha miguu. Tanga mjini ni tambarare, ila Muheza hadi Amani iko karibu. Walio Moshi na Arusha hawana kisingizio.

Msimu gani ni mzuri?

Juni hadi Septemba kuna ukavu na baridi. Januari na Februari pia ni kipindi kizuri, jua lipo na mashamba ni ya kijani. Masika, Machi hadi Mei, sipendekezi. Udongo mwekundu wa Usambara ukilowa unakuwa sabuni, unanata kwenye soli hadi kiatu kinakuwa na uzito wa tofali, na baadhi ya barabara zinakatika kwa maporomoko ya udongo. Vuli ya Oktoba hadi Desemba inavumilika ukikimbia asubuhi.

Watu wa joto wanaidharau baridi ya Julai. Kwa kawaida joto hupungua karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo ukitoka Mombo kwenye jua kali, juu ya Magamba ukungu unaweza kukukuta ukitetemeka. Beba koti jepesi la kuzuia upepo, na fulana kavu ya kubadilisha ukifika.

Viatu?

Viatu vyenye meno ya kushika udongo, visivyo vipya. Kama unabaki kwenye barabara za vumbi na lami wakati wa kiangazi, raba zako za kawaida zinatosha. Utapitwa na mtoto aliyevaa yeboyebo. Usimuige, yeye amezaliwa na mteremko ule.

Maji na chakula nitapata njiani?

Utapata. Maduka yenye maji ya chupa na soda yapo karibu kila kijiji kikubwa, lakini kati ya kijiji na kijiji unaweza kupita saa nzima ukipanda, kwa hiyo beba angalau lita moja. Maji ya mifereji na vijito usinywe bila kuchemsha au kutia dawa. Yanaonekana safi, lakini juu yake kuna mashamba yanayopigwa dawa na mifugo inayokunywa.

Chakula cha mkimbiaji kimejaa barabarani. Ndizi mbivu, miwa, peasi na plamsi kwa msimu wake. Asubuhi kuna chai ya tangawizi na maandazi kwa mama ntilie. Jioni omba wali au ugali kwa maharage ya hapohapo na usiwe na haraka; maharage mazuri yanachukua muda.

Beba hela ndogondogo. Mama anayeuza ndizi za shilingi mia tano hawezi kuvunja elfu kumi saa moja asubuhi.

Watu hawatanishangaa nikikimbia kijijini?

Watakushangaa, na wana sababu. Kijijini mtu mzima anayekimbia ana taarifa: kuna msiba, kuna moto, kuna mgonjwa. Mzee ataacha jembe akuulize, "Kuna nini huko utokako?" Usipite ukiwa na vitu masikioni. Punguza mwendo, mwamkie, mwambie, "Salama mzee, nafanya mazoezi tu." Atacheka, atarudi kwenye jembe lake, na ukirudi kesho yeye ndiye atakayewaambia wengine kwamba huyu hana neno.

Shikamoo kwa kila aliyekuzidi umri. Si lazima usimame kila mara, ila lazima atambue kwamba umemwona. Kisambaa kidogo kinafungua milango: asubuhi "Onga maundo", na kushukuru "Hongea". Watajibu kwa maneno mengi ambayo hutayaelewa, na hapo tabasamu linatosha.

Jambo jingine la njia nyembamba: utakutana na kina mama wanaoshuka na mzigo wa majani ya ng'ombe au kuni kichwani. Wao ndio wenye njia. Simama kabisa, jibane upande wa mlima, waache wapite upande ulio wazi ili mzigo usigonge ukingo. Mtu mwenye kilo nyingi kichwani kwenye mteremko hawezi kukwepa wala kusimama ghafla. Anayeweza kusimama ni wewe.

Na mavazi, hasa kwa wanawake?

Lushoto ni ya Waislamu wengi na Wakristo wengi, na wote wanapenda staha. Suruali ya kubana yenye fulana ndefu au bukta ya kufika magotini juu yake haimkeri mtu. Wanaume nao wasipite kijijini vifua wazi. Wanawake wengi wanaokimbia huku hufunga leso au kanga nyepesi kwenye begi. Ukifika kijijini, msikitini, kanisani au nyumbani kwa mtu, unajifunga, umemaliza. Inakufaa pia kama taulo na kama blanketi ndani ya gari la kurudi.

Kama ni mwanamke na uko peke yako, njia za vijiji mchana zina watu na zina usalama. Msituni nenda na mwenzako au mwongozaji. Ushauri huo nampa mwanamume pia.

Watoto wananifuata na kuomba pipi. Nigawe?

Usigawe. Kimbia nao. Watakusindikiza hadi mwisho wa kijiji chao, na hiyo ndiyo furaha yao na yako. Ukitaka kutoa kitu, peleka madaftari shuleni kwa mwalimu mkuu.

Barabara ya lami ya Mombo hadi Lushoto inafaa kwa mazoezi ya kupanda?

Kwenye karatasi inavutia: zaidi ya kilomita 30, karibu mita elfu moja za kupanda, lami mwanzo hadi mwisho. Sipendekezi. Barabara ni nyembamba, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo, kona kali moja baada ya nyingine, na malori ya mboga yanashuka kwa kasi. Mkimbiaji hana pa kukimbilia. Ukitaka mpando mrefu wa lami, anza Lushoto mjini kwenda Magamba saa kumi na mbili asubuhi, ukikimbia kulia ili magari uyaone yanakuja, kwa sababu sisi tunaendesha kushoto. Vaa rangi inayong'aa, maana ukungu wa asubuhi unameza mtu.

Pikipiki ziheshimu zaidi ya malori. Bodaboda wengine huzima injini wanaposhuka ili kuokoa mafuta, na huwasikii.

Nikipotea je?

Usishuke bondeni kwa kubahatisha. Panda mgongo ulio karibu, utaona kijiji, mnara wa simu au barabara, na juu ndiko mtandao unakopatikana. Muulize mtu, lakini usimuulize "Njia hii inakwenda Lukozi?", kwa sababu kwa adabu anaweza kukujibu ndiyo. Uliza: "Lukozi naelekea wapi?" Na ukiambiwa "ni hapo tu", elewa kwamba ni hapo tu kwa anayesema.

Jua linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro, na bondeni giza linatangulia kwa sababu mlima unalificha jua mapema. Panga kumaliza saa kumi jioni. Tochi ya kichwani iwe kwenye begi hata ukitoka asubuhi.

Nafikaje, na nikimaliza narudije?

Kuna mabasi ya kwenda Lushoto moja kwa moja kutoka Dar es Salaam na Tanga. Ukitokea Moshi au Arusha shuka Mombo, panda gari dogo la kwenda juu. Kurudi kutoka Mtae au Mlalo ndiko kunakohitaji mpango: magari mengi yanatoka huko alfajiri, mengine kabla hata ya adhana, na ukiikosa hiyo unaweza kungoja hadi mchana. Ulizia jioni kwa mwenye nyumba ya wageni, na mwachie dereva namba yako. Atakupigia akiwa anawasha gari.